Aliyekula Mchana wa Ramadhani Anadaiwa Siku Ngapi?

Kila mwaka Ramadhani ikishaanza, kwenye makundi ya WhatsApp ya Unguja na Pemba huzunguka maneno yaleyale: ukila siku moja kwa makusudi unadaiwa siku 60 mfululizo. Mwengine huongeza kwamba hata hizo 60 hazitoshi, kwa sababu mfungo wa umri mzima hauwezi kuilipa siku moja ya Ramadhani. Mwaka 2024, zilipoenea habari za watu kukamatwa Unguja kwa kula hadharani mchana, masuali yalizidi: aliyekamatwa akalala rumande amemalizana na Mola wake, au bado ana deni? Na kama lipo, ni la siku moja au la miezi miwili?

Jibu la madhehebu ya Shafi, ambayo Wazanzibari wengi huyafuata, ni kwamba aliyekula au kunywa kwa makusudi bila udhuru amefanya dhambi kubwa, anadaiwa toba na kadha, yaani kuilipa siku ile kwa siku moja, na hadaiwi 60. Deni la miezi miwili lipo, lakini linamhusu mtu mwengine, kwa kosa jengine: kumwingilia mke mchana wa Ramadhani. Wapo pia maulamaa wa madhehebu mengine wanaosema aliyekula naye ana kafara, yaani hilo deni la miezi miwili. Hapo ndipo kamba zinapochanganyika, na nitafika huko.

Nimeona ni lazima jambo hili liandikwe kwa urefu kwa sababu mkanganyiko wake unaumiza watu wa pande mbili. Kijana aliyekula siku 5 alipokuwa na miaka 17, leo ana akili zake na anataka kurudi kwa Mola wake. Anapiga hesabu, tano mara sitini, anapata 300. Anakata tamaa, na matokeo yake hazilipi hata zile 5 alizokuwa anaziweza wiki moja tu. Upande wa pili yuko mume ambaye kweli ana deni la miezi miwili, lakini ameambiwa anunue mchele, agawe, mambo yaishe. Anagawa, anapumua, na deni lake halijaguswa.

Madeni matatu, si moja

Kadha ni kulipa siku kwa siku. Zimekupita siku 3, unafunga siku 3, wakati wowote unaoruhusiwa kufunga. Mgonjwa aliyepona, msafiri aliyerudi, mwanamke aliyekuwa katika hedhi au nifasi (damu ya uzazi), na huyu aliyekula kwa makusudi, wote wanakutana kwenye kadha, ingawa wa mwisho peke yake ndiye mwenye dhambi.

Fidia ni chakula cha maskini mmoja kwa siku moja. Kipimo chake ni mudi, na kwetu masheikh wamezoea kuitaja kwa kibaba, robo ya pishi. Mzee ambaye nguvu zimemwisha na mgonjwa asiyetarajiwa kupona hawafungi wala hawalipi siku, wanatoa kibaba kwa kila siku. Kibaba hichohicho humfika aliyekuwa na kadha akaizembea bila sababu mpaka ikaingia Ramadhani nyengine: atafunga siku zake, na kila siku ataitolea kibaba. Mama mjamzito au anayenyonyesha, akifungua kwa kumhofia mtoto tu, naye hulipa siku na kutoa kibaba. Akijihofia nafsi yake hulipa siku peke yake.

Kafara ndiyo nzito ya zote: kumwacha huru mtumwa, asiyempata, kufunga miezi miwili mfululizo, asiyeweza, kulisha maskini 60. Haina uhusiano wowote na ile kafara ya kuchinja mnyama ili kuondosha balaa.

Sehemu ya mkorogano inatoka vitabuni kwenyewe, kwa sababu baadhi ya vitabu vya Kishafi hukiita kibaba "kafara ndogo" na ile ya miezi miwili "kafara kubwa". Mtu akisikia kwa bibi yake kwamba "nimetoa kafara ya Ramadhani iliyopita", bibi huenda amekusudia vibaba vyake vya uzee. Kila deni lina malipo yake, na moja haliwezi kukaa pahala pa jengine, kama vile aliyekata tiketi ya boti ya Dar es Salaam hawezi kupandia boti ya Pemba, hata kama tiketi yake ni ya bei kubwa zaidi.

Kisa cha mtu aliyesema ameangamia

Kadha na fidia zimetajwa kwenye Qurani, Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Kafara ya Ramadhani haimo kwenye aya hizo. Asili yake ni Hadithi ya Abu Huraira, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, na inafaa kuijua yote, maana karibu hukumu zote zinachotwa humo.

Mtu mmoja alimjia Mtume (s.a.w.) akasema ameangamia. Alipoulizwa amepatwa na nini, akasema amemwingilia mkewe hali amefunga Ramadhani. Mtume akamuuliza kama anaweza kumwacha huru mtumwa. Hawezi. Je, anaweza kufunga miezi miwili mfululizo? Hawezi. Je, ana cha kulisha maskini 60? Hana. Yule mtu akakaa. Kisha Mtume akaletewa kapu la tende, akamwita, akamwambia azichukue akazitoe sadaka. Yule mtu akasema: nimpe aliye fakiri kuliko mimi? Akaapa kwamba katika Madina yote hakuna nyumba yenye shida kuliko yake. Mtume akacheka mpaka meno yake yakaonekana, akamwambia akawalishe watu wake.

Huyu hakufokewa. Alikuja mwenyewe, moyo umemchoma, akaulizwa suali moja baada ya jengine kwa utaratibu. Nasikitika ninapoona mtu wa leo anayekuja na suali kama lake anapigiwa kelele msikitini mpaka anajuta kuuliza.

Katika mpangilio wa masuali yale maulamaa wa Kishafi wamechukua kwamba kafara ina daraja: huruki kwenda ya tatu mpaka ya pili ikushinde. Imam Malik aliona ni hiari kati ya mambo matatu. Na baadhi ya mapokezi yanataja kwamba tende za kapu lile zilikuwa pishi 15. Pishi ina vibaba 4, kwa hiyo ni vibaba 60, kibaba kwa kila maskini. Kipimo chetu kimetoka hapo.

Nani hasa ana kafara

Kwa Mashafi, kafara humfika mume aliyeiharibu siku ya Ramadhani kwa jimai, yaani kumwingilia mke, kwa makusudi, akijua kuwa ni haramu, hali ni mtu anayewajibikiwa na saumu siku ile. Kila sharti hapo lina kazi. Aliyesahau kabisa kwamba amefunga, hana kitu. Aliyekuwa msafiri wa halali na akatumia ruhusa ya kufungua, hana kafara. Aliyekuwa analipa kadha mwezi mwengine, au amefunga Sita ya Mfunguo Mosi, zile siku sita za sunna za mwezi unaofuata Ramadhani, akafungua kwa njia hiyohiyo, hana kafara. Heshima inayolindwa hapa ni ya mchana wa Ramadhani wenyewe. Aliyejitoa manii kwa mkono saumu yake imevunjika, ana dhambi na kadha, lakini kafara hana. Anayetenda asubuhi kisha jioni akapanda boti kusafiri, safari ile haimwondoshei kafara.

Na mke? Kauli inayotegemewa na Mashafi ni kwamba kafara ni ya mume peke yake, kwa sababu Mtume hakumwagiza yule mtu amwambie mkewe naye alipe. Mke akiridhia ana dhambi na kadha. Akilazimishwa, hana dhambi. Mahanafi na Wamaliki, watu wa madhehebu mengine ya Kisuni, wanasema mke aliyeridhia ana kafara yake mwenyewe, na mwanamke anayetaka kujihifadhi kwa kauli yao hakatazwi.

Vijana wetu wengi huoana Shaabani, mfungo ukiwa mlangoni, na suali hili huwaangukia wao zaidi kuliko wote huku wakiona haya kuuliza. Wajue basi jambo moja linalowahangaisha bure: usiku wa Ramadhani ni halali yao kwa aya ya 187 ya sura hiyohiyo ya Baqara, na alfajiri ikiwakuta na janaba saumu yao ni sahihi. Bibi Aisha na Bibi Ummu Salama wamesimulia kwamba Mtume alikuwa akipambazukiwa na janaba kisha anaoga na kufunga. Kuoga ni kwa ajili ya sala. Nimesikia ya mtu aliyekula mchana kutwa kwa sababu alichelewa kuoga na akadhani saumu imekwishaharibika. Amekimbia kosa ambalo halikuwepo akaingia kwenye kosa lililopo.

Mbona aliyekula hamo?

Suali hili ni la haki. Mtu anakaa nyuma ya nyumba na sahani ya chipsi saa saba mchana, anajificha kama kobe ndani ya gamba lake, na ndiyo maana watu wakamwita kobe. Mbona yeye apone na miezi miwili?

Mashafi, na Mahanbali pamoja nao, wanajibu kwamba kafara ni ibada yenye kiwango maalumu kilichowekwa na sharia, na kiwango cha namna hiyo hakiongezwi kwa rai. Hadithi imekuja kwa jimai, basi inasimama hapo. Mahanafi na Wamaliki wanaitazama Hadithi ileile na kuona kwamba kilichoadhibiwa ni kuivunja heshima ya Ramadhani kwa makusudi, na heshima huvunjwa kwa chakula kama inavyovunjwa kwa jimai. Isitoshe, Imam Malik alipokea kisa hiki kwa lafudhi inayosema tu kwamba mtu "alifungua" katika Ramadhani, bila kutaja alifungua kwa nini. Kila upande una hoja.

Zanzibar lakini haina Mashafi peke yao. Ibadhi wana misikiti na familia zao hapa tangu enzi za Waomani, na kwao aliyekula au kunywa kwa makusudi bila udhuru ana kadha na kafara. Sheikh Ahmed al-Khalili, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1942 na kuwa Mufti wa Oman tangu 1975, ameifundisha kauli hii kwa miaka mingi, na watu wa kwetu wana jamaa Maskati, wanasikiliza darasa za kule. Mashia Ithnaasheri wa mjini nao wana kafara kwa mwenye kula makusudi. Basi nyumba moja ya Mji Mkongwe inaweza kuwa na baba Ibadhi na mama Msuni, na kila mmoja akamjibu mtoto jibu tofauti, na wote wawili wakawa wamesema kweli ya madhehebu yao. Ninayemlaumu ni anayekata kipande cha darasa, akakisambaza bila kusema ni madhehebu gani yanayozungumza. Amewatwisha watu wa madhehebu mengine mzigo ambao walimu wao hawakuwatwisha.

Wala asijitokeze mtu akasema kwamba kwa kuwa hakuna kafara, kula mchana ni jambo jepesi kwa Mashafi. Sharia haikuweka kafara kwa kila dhambi kubwa. Anayeacha sala ya Alasiri kwa makusudi hana siku 60 za kufunga, na hakuna Muislamu anayedhani kuacha sala ni dogo.

Alichonacho aliyekula ni hiki. Siku ileile, baada ya kula, anajizuia mpaka magharibi. Hana ruhusa ya kusema "imeshavunjika, wacha niendelee". Anatubia kwa kujuta na kuazimia kutorudia. Kisha analipa siku yake haraka. Mwenye udhuru amepewa nafasi ya mwaka mzima kabla ya Ramadhani nyengine, lakini aliyekula bila udhuru anatakiwa aanze mara tu baada ya Iddi, na aanze na deni kabla ya kufunga Sita. Yule kijana wa siku 5 anafunga siku 5, na kama miaka imepita bila udhuru anatoa kibaba kwa kila siku kwa ajili ya kuchelewesha. Vibaba hivyo, kwa kauli yenye nguvu kwa Mashafi, huongezeka kwa kila Ramadhani inayopita, na Mahanafi hawaoni kibaba chochote hapo. Kwa hali zote mbili, ni mbali sana na 300.

Na ile kauli kwamba mfungo wa umri mzima haulipi? Imetokana na Hadithi iliyomo kwa Abu Daud na Tirmidhi, na wataalamu wa Hadithi wameitia ila sanadi yake, yaani wameona kasoro katika mlolongo wa wapokezi wake. Hata walioitumia kutishia hawakuifanya sababu ya kuacha kadha. Kuisambaza peke yake, bila maelezo, kunamfungia mlango mtu aliyekuwa ameshika kitasa.

Wapo pia wanaojihesabu wavunjaji na hali si wavunjaji. Mvuvi wa Nungwi aliyezidiwa na kiu baharini, mama wa mwani wa Paje aliyeona kizunguzungu juani, mchumaji karafuu wa Pemba aliyeanza kutetemeka: hawa wanatakiwa watie nia usiku na waamke wamefunga, lakini mmoja wao akifika hali ya kuhofia madhara, anafungua, hana dhambi, na anadaiwa siku moja. Aliyekula daku akidhani bado usiku, kumbe alfajiri imeshaingia, analipa siku moja. Na aliyekula kwa kusahau, hata akimaliza sahani, anaendelea na saumu yake. Mtume amesema huyo amelishwa na kunyweshwa na Mwenyezi Mungu.

Miezi miwili inavyofungwa

Turudi kwa mume mwenye kafara kweli. Daraja ya kwanza haipo tena: soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1897 utumwa ukaondoshewa uhalali wa kisheria Zanzibar. Kwa hiyo kwake yeye jambo la kwanza ni kufunga, na juu yake kadha ya siku ile aliyoiharibu. Akiharibu siku 2, kwa Mashafi ana kafara 2.

Tunasema siku 60 kwa mazoea, lakini Hadithi imesema miezi miwili, na miezi yenyewe ni ya mwandamo. Akianza tarehe mosi ya mwezi, anafunga miezi miwili kama ilivyoandama, na huenda zikawa siku 58, 59 au 60. Akianza katikati, mwezi wa pili anauhesabu kwa mwandamo wake, na ule wa kwanza uliopungua anaujaliza mpaka siku 30 kutoka mwezi wa tatu.

Hapa kalenda yetu ya mifunguo, inayohesabu miezi kuanzia ule unaofuata Ramadhani, inasaidia sana, maana mwenye kafara lazima achague wakati ambao mfululizo wake hautokatwa. Siku ya Iddi haifungwi, wala siku tatu zinazofuata Iddi Kubwa, yaani tarehe 11, 12 na 13 Mfunguo Tatu. Ramadhani nayo haiwezi kubeba mfungo mwengine. Akianza tarehe 2 Mfunguo Mosi, siku ya pili ya Iddi, atamaliza mwanzoni mwa Mfunguo Tatu kabla Iddi Kubwa haijafika. Akichelewa mpaka katikati ya Mfunguo Pili, Iddi itamkatia njiani na ataanza upya. Baada ya siku zile tatu njia ni nyeupe: kuanzia Mfunguo Nne mpaka Mfunguo Tisa hakuna Iddi hata moja. Mwisho wa kuanza ni mosi Rajabu, afunge Rajabu na Shaabani. Akianza tarehe 2, Ramadhani itamkuta hajamaliza.

Nia inatiwa kila usiku, na iwe ya kafara. Hata Jumatatu na Alkhamisi zilizomo ndani, alizozoea kuzifunga kwa sunna, ni za kafara. Akikosa siku moja bila udhuru, hata ikiwa ni ya mwisho, anaanza tangu mosi. Kwa kauli mpya ya Imam Shafi hata maradhi yanakata mfululizo. Wengine, wakiwemo Mahanbali, wanasema hayakati. Huu ni mfano mzuri wa jambo la kumpelekea sheikh likikupata, usijiamulie mwenyewe ukiwa kitandani.

Ni ibada ngumu, sikatai. Lakini wanaume wa hapa wanafunga Ramadhani nzima wakibeba magunia bandarini Malindi, na shida ya kazi za kawaida peke yake haimpeleki mtu kwenye kulisha. Anayehamia kwenye kulisha ni mzee aliyeishiwa nguvu, mgonjwa ambaye maradhi yake yanatarajiwa kudumu muda huo, au anayepata mashaka makubwa asiyoweza kuyavumilia. Mwenye pesa nyingi na mwenye shughuli nyingi hawamo kwenye orodha hiyo.

Mchele wa watu 60

Anayefikia kulisha anatoa chakula kinacholiwa zaidi mjini kwake, nacho kwetu ni mchele, kibaba kwa kila maskini, kwa maskini 60. Kwenye Zakatul Fitri pishi hukadiriwa kuwa kilo 2 na nusu, basi kibaba ni kama gramu 625, na vibaba 60 ni kilo 37 na nusu. Anayetaka kujihifadhi huzidisha kidogo. Ukijua bei ya kilo Darajani, Mwanakwerekwe au sokoni Chake Chake, hesabu unayo.

Makosa hutokea kwenye kugawa. Gunia zima likipelekwa nyumba moja ya watu 6, kwa Mashafi umelisha watu 6. Nyumba 10 za watu sita sita maskini zinakutimizia, kwa kuwa watoto nao wanahesabiwa na fungu lao hupokewa na mlezi. Kumpa maskini mmoja kwa siku 60 kunakubalika kwa Mahanafi, si kwa Mashafi. Kupika biriani na kuwaita mayatima ni sadaka njema, lakini Mashafi wanataka maskini amilikishwe chakula chake mkononi. Pesa taslimu nazo ni kauli ya Mahanafi. Ukimpa wakala, iwe kamati ya msikiti au jumuiya, mwambie wazi kwamba hii ni kafara ya watu 60, ili asiichanganye na sadaka nyengine. Mkeo na watoto unaowalisha hawamo katika hesabu. Yule wa Hadithi aliruhusiwa kuwalisha watu wake kwa ufakiri wake, na Mashafi wanasema kafara yenyewe ilibaki shingoni mwake mpaka apate uwezo. Asiyeweza yote matatu leo, deni lake linamsubiri, halifutwi wala halimkimbizi.

Serikali, kadhi na mufti

Aliyekamatwa na polisi kwa kula hadharani ana jambo na dola, na likimalizika, kwa faini au kwa kuachiwa, kadha yake iko palepale. Na aliyekula chumbani, asionwe na mtu, anadaiwa sawasawa na yule. Kafara haifunguliwi kesi: Mahakama ya Kadhi inasikiliza ndoa, talaka, mirathi na mfano wa hayo, haimhukumu mtu kufunga miezi miwili. Hili ni suali la fatwa. Anaulizwa sheikh unayemwamini, au Ofisi ya Mufti wa Zanzibar, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2001. Muulizaji hahitaji kutaja jina wala kusimulia kisa chote. Atosheke kusema kosa ni la chakula au la jimai, siku ngapi, na anafuata madhehebu gani. Aliyositiriwa na Mola wake asiyafichue kwenye kundi la WhatsApp ili apate jibu.

Linabaki suali la aliyefariki na deni. Bibi Aisha amepokea kwa Mtume, katika Bukhari na Muslim, kwamba aliyekufa akiwa na deni la saumu atamfungia walii wake, yaani jamaa yake. Mashafi wanampa jamaa hiari ya kumfungia marehemu au kutoa kibaba kwa kila siku, na chakula hicho hutoka katika mali aliyoiacha kabla warithi hawajagawana, kama linavyotoka deni la duka au mahari ya mke. Tatizo ni kwamba warithi hawawezi kulilipa wasilolijua. Kwa hiyo mwenye kadha au kafara anayeandika wosia wake aweke mstari mmoja tu: siku ngapi, na ni za kadha au za kafara. Sababu ya deni si lazima aitaje.